Hesabu ya Panya Wasiozaliwa

Mwaka 2017 nchi za Umoja wa Ulaya ziliingiza katika majaribio ya kisayansi wanyama wapya milioni 9 na ushei. Mwaka huohuo, katika nchi hizohizo, wanyama zaidi ya milioni 12 walizalishwa kwa ajili ya utafiti, wakalishwa, wakabadilishiwa matandiko, kisha wakauawa bila kutumika katika jaribio lolote. Takwimu hizo zilitolewa na Kamisheni ya Ulaya yenyewe mwaka 2020. Wengi wa waliouawa hivyo ni panya wadogo wa maabara, wale wa gramu 20 hadi 40, ambao hawana uhusiano na panya buku wanaofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Sababu za kuwaacha huwa za kawaida kabisa: huyu ni jike na mtafiti alitaka dume, yule hakurithi jeni inayochunguzwa, wale wamepita umri huku jaribio likisubiri kibali. Mara nyingi hakuna aliyekusudia ubaya wala sheria iliyovunjwa. Hoja yangu ni kwamba kosa limo katika kipimo tunachotumia. Nyumba ya wanyama husifiwa vizimba vyake vikiwa vimejaa na mtafiti akiwa hakosi panya kila anapobisha hodi. Nasema isifiwe kwa jambo jingine: kwa wale panya ambao msimamizi alikaa chini, akapiga hesabu, akaona hawana haja ya kuzaliwa, na bado hakuna jaribio lililokwama kwa kuwakosa.

Tatizo linaanzia katika maumbile ya panya mwenyewe. Jike hubeba mimba siku 19 hadi 21. Ndani ya saa 24 baada ya kuzaa huingia tena kwenye joto, na dume akiwamo kizimbani hupandwa papo hapo, hivyo ananyonyesha watoto wa kwanza huku tumboni akiwa na wa pili. Watoto huachishwa ziwa wakiwa na siku 21 hivi, na kati ya juma la sita na la nane wao wenyewe wako tayari kuzaa. Ukoo uitwao C57BL/6, unaotumika katika utafiti kuliko mwingine wowote, hutoa watoto wapatao 6 kwa mzao mmoja. Ukoo wa FVB hutoa zaidi ya hao. Jike aliyeachwa na dume wake hadi umri wa miezi minane, ambao kwa kawaida ndio wa kustaafishwa, anaweza kuwa amezaa mara tano au sita. Mfugaji wa ng'ombe akizembea, zizi lake hupungua. Msimamizi wa panya akizembea, vizimba vyake hujaa, na kujaa huko machoni pa mgeni hufanana na mafanikio. Wala hakuna kizimba cha bure. Kila kimoja kina chakula chake, maji yake, maranda yake, saa za mtu wa kukisafisha na sehemu yake ya umeme wa kusukuma hewa safi. Watoto wasipotengwa kwa wakati, mzao unaofuata huzaliwa juu yao, wachanga hukanyagwa, na madume waliopevuka huwapanda dada zao kabla mtu hajagundua. Ndipo wingi huzaa wingi mwingine ambao hakuna aliyeupanga.

Dawa ya kwanza ni hesabu, tena hesabu ya zamani: Gregor Mendel aliichapisha mwaka 1866 baada ya miaka ya kupandisha njegere. Chukua mtafiti anayehitaji madume 12 wenye nakala mbili za jeni iliyobadilishwa. Akiwaweka pamoja wazazi ambao kila mmoja ana nakala moja, robo ya watoto ndio watakaorithi nakala mbili, na nusu ya robo hiyo ndio madume. Ni mmoja kati ya 8, kwa hiyo kwa wastani watoto 96 wazaliwe ili 12 wapatikane. Hata akichukua madume wengine 12 wasio na badiliko hilo wawe wa kulinganishia, 72 wamebaki bila kazi. Sasa abadilishe wazazi: mmoja awe na nakala mbili, mwenzake moja. Nusu ya watoto watakuwa na nakala mbili, na idadi inashuka hadi 48. Akikubali kutumia majike pamoja na madume, 24 wanamtosha, na wale 12 waliorithi nakala moja wanakuwa wa kulinganishia, ndugu wa mama mmoja waliolelewa katika kizimba kimoja. Kutoka 96 hadi 24, swali likiwa lilelile na jibu likiwa na uzito uleule, na mashine mpya haikununuliwa. Jaribio likigusa jeni mbili, pengo hugeuka kuwa bonde: wazazi wenye nakala moja ya kila jeni hutoa mtoto mmoja kati ya 16 mwenye nakala mbili za zote mbili, na kwa anayetaka madume tu ni mmoja kati ya 32. Madume 12 hapo ni watoto 384. Wengi wa panya wanaouawa bila kutumika wamo ndani ya sehemu hizi za hesabu za shule ya sekondari, na uamuzi wa kuwazaa hufanywa siku moja, pale jozi inapowekwa kizimbani.

Si kila mara njia fupi inapatikana, na ni haki kulisema hilo. Kuna mabadiliko ya jeni ambayo anayeyarithi kutoka pande zote mbili hufa tumboni au hukua tasa. Hapo mtafiti hana budi kurudi kwa wazazi wa nakala moja na kukubali robo yake. Kuna mengine ambayo hata nakala moja huathiri mwili, kwa hiyo mwenye nakala moja hafai kuwa wa kulinganishia. Tena mtu anaweza kuvutwa na njia iliyo fupi kuliko zote, ya kuwapandisha wazazi ambao wote wana nakala mbili, kila mtoto azaliwe na jeni inayotakiwa. Inaonekana haina hasara, lakini wa kulinganishia itabidi watoke kwenye banda jingine, kwa mama wengine, wenye vijidudu vingine vya tumboni, na tofauti itakayoonekana kati ya makundi mawili huenda isitokane na jeni hata kidogo. Jaribio la namna hiyo likibatilika, panya wake wote wamekufa bure, hata kama hakuna aliyebaki kizimbani. Kwa hiyo nikisema panya wachache, nina maana ya wachache wanaotosha kujibu swali, na kiasi hicho hujulikana kwa kuanza na swali kwanza, vizimba baadaye.

Sharti la madume peke yao linastahili kuchunguzwa kwa nafasi yake, kwa kuwa peke yake linaongeza idadi maradufu. Kwa miongo mingi watafiti waliamini kuwa jike, kwa sababu ya mzunguko wake wa siku nne au tano, hutoa vipimo vinavyoyumba. Imani hiyo ilirithishwa kutoka mwalimu hadi mwanafunzi bila kupimwa. Mwaka 2014 Brian Prendergast na wenzake walikusanya makala 293 zilizokuwa na vipimo vya panya wa jinsia zote mbili na wakakuta kuwa vipimo vya majike, hata wakichukuliwa bila kuangalia siku za mzunguko, haviyumbi kuliko vya madume. Madume nao wana kuyumba kwao: wakiwekwa pamoja hupigana, na anayeshinda na anayeshindwa hutofautiana miili. Tangu Januari 2016 taasisi za afya za taifa za Marekani, zijulikanazo kama NIH, zinamtaka mwombaji wa fedha azingatie jinsia zote mbili au atoe sababu nzito ya kuacha moja. Faida yake kwa wanawake wanaosubiri dawa ni kubwa na imeandikwa sana. Ile ya nusu ya panya waliokuwa wakiuawa siku ya kutengwa kwa sababu ya jinsia yao imesemwa kidogo mno.

Hesabu inasema wangapi wazaliwe. Inabaki kusema lini, kwa sababu panya aliyezaliwa juma lisilo lake ni ziada vilevile. Jaribio hutaka panya wa umri mmoja, na majike walioachwa bila mpango hawaingii joto pamoja: usiku wowote ni robo yao hivi, au pungufu. Msimamizi asiyejua la kufanya huongeza idadi ya majike mpaka robo hiyo imtoshe. Anayejua hutumia jambo ambalo Wesley Whitten alilieleza mwaka 1956. Huchukua maranda yaliyolowa mkojo wa dume, akayatia katika kizimba cha majike waliokaa wenyewe, na wengi wao huingia joto usiku wa tatu. Kwa wachache waliotayarishwa hivyo anapata mizao ya juma moja. Miaka mitatu baadaye Hilda Bruce alionyesha upande wa pili: jike aliyepandwa karibuni, akinusa dume mgeni, mimba yake inaweza kuharibika na akarudi kwenye joto. Panya hana adabu ya kungoja ratiba yetu, lakini pua yake ina kanuni, na mtunzaji anayezijua hahamishi vizimba ovyo siku za mwanzo za mimba kisha akalaumu chakula. Huweka vifaa vya kutosha vya kujengea kiota ili wachanga wasife kwa baridi, hafungui kizimba bila sababu siku ya kuzaa, na hamwinui panya kwa mkia. Jane Hurst na Rebecca West walionyesha mwaka 2010 kuwa kumshika mkia humtia hofu, ilhali kumbeba ndani ya bomba dogo au katika kiganja humtuliza. Kila mchanga anayesalimika ni jike mmoja asiyehitaji kupandishwa tena. Ujuzi huu hukaa mikononi mwa watunzaji wa wanyama, watu ambao majina yao hayaonekani kwenye makala za kisayansi na mishahara yao ndiyo ya kwanza kubanwa bajeti inapopungua. Taasisi inayobana hapo inajipunja yenyewe.

Kisha kuna daftari, ambalo nalipa uzito kuliko kifaa chochote. Panya wa maabara wa leo wametokana kwa sehemu kubwa na mwanamke aliyekuwa mwalimu wa shule, Abbie Lathrop wa Granby, Massachusetts, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alifuga panya wa kuuza kama wanyama wa kufurahisha nyumbani, akaja kuwauzia wanasayansi, na akaweka kumbukumbu za nani kazaa na nani. Kutoka kwa panya wake, Clarence Cook Little alipandisha mwaka 1921 jike namba 57, na hapo likatoka jina C57. Ukoo hukubaliwa kuwa safi baada ya vizazi 20 vya kaka kupandishwa na dada, na thamani yake yote ni kwamba panya wa leo anafanana na wa jana, na wa Nairobi anafanana na wa Boston. Lakini kila kizazi huzaliwa na mabadiliko madogo, na kundi linalofugwa peke yake miaka mingi hujitenga polepole. C57BL/6 waliopelekwa NIH mwaka 1951 leo ni tawi jingine kabisa. Tawi lililobaki Jackson Laboratory, maabara ya Marekani inayofuga panya wa utafiti, limepoteza kipande cha jeni iitwayo Nnt, inayohusika na jinsi mwili unavyotoa insulini. Tawi la NIH linabeba kasoro ya jeni ya Crb1 inayodhuru jicho. Mtafiti wa kisukari au wa macho anayechanganya matawi haya bila kuandika ametia ndani ya jaribio lake ugonjwa asioujua.

Mfano mzito zaidi ulijulikana mwaka 2011. Kwa miaka mingi panya waliokosa jeni ya kaspesi 1 walitumika kuchunguza sepsisi, hali inayotokana na maambukizi na inayoua watu hospitalini, na waliposalimika ikaaminika kuwa jeni hiyo ndiyo chanzo cha kifo. Nobuhiko Kayagaki na wenzake wakagundua kuwa panya hao walikuwa wamerithi, kutoka kwa ukoo wa 129 uliotumika kuwatengeneza, kasoro ya pili katika jeni ya jirani, kaspesi 11, na kwamba jeni hiyo ya jirani ndiyo iliyobeba lawama kubwa ya kifo. Jeni mbili zilisafiri pamoja kwa vizazi, moja ikiwa imeandikwa kwenye kadi ya kizimba na nyingine haimo. Panya waliotumika kabla ya ugunduzi huo hawamo katika takwimu zozote za ziada, maana walitumika. Na bado sehemu ya kazi yao ilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kwa hiyo kipande kidogo cha sikio kinachopelekwa kupimwa vinasaba, tarehe ya kuzaliwa, namba ya baba na mama, na kurejea kila baada ya vizazi kadhaa kwa panya wa asili kutoka chanzo kinachoaminika, ni sehemu ya uangalifu uleule wa kutowazaa bure. Jackson Laboratory wenyewe hulihuisha kundi lao la C57BL/6J kila baada ya vizazi vitano kwa viinitete vilivyogandishwa, ili saa ya mabadiliko irudishwe nyuma.

Kugandisha ndiko kunakomaliza desturi mbaya kuliko zote, ya kuendelea kuzalisha ukoo ambao hakuna anayeutumia kwa hofu ya kuupoteza. Tangu mwaka 1972, David Whittingham, Stanley Leibo na Peter Mazur walipopata panya hai kutoka kwa viinitete vilivyohifadhiwa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hofu hiyo imekosa msingi. Mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Iowa walitengenezwa panya wenye kipokezi cha binadamu ambacho virusi vya SARS hukitumia kuingia kwenye seli. Ugonjwa ule ulikuwa umeshatoweka, na haja ya panya hao ikaisha. Mwanzoni mwa mwaka 2020, dunia nzima ilipowahitaji ghafla kwa ajili ya UVIKO-19, Jackson Laboratory waliufufua ukoo huo kwa mbegu zilizokuwa zimegandishwa. Fikiria miaka zaidi ya kumi ya kuzalisha na kuua, mwezi kwa mwezi, ambayo chupa chache za mbegu ziliiokoa. Kundi hai, kwa upande mwingine, ni akiba dhaifu. Moto wa Oktoba 1947 uliteketeza maabara hiyohiyo ya Jackson pamoja na karibu panya wake wote, na koo zilirudi kwa sababu tu watafiti wa sehemu nyingine walikuwa nazo wakazirudisha. Maji ya kimbunga Sandy mwaka 2012 yaliwazamisha maelfu ya panya katika chuo kikuu cha New York, zikiwamo koo zilizochukua miaka kujengwa.

Msomaji wa kwetu ataniuliza, kwa haki, kama naitrojeni ya kimiminika inayotoa baridi hiyo, na mitungi yake, ni shauri la matajiri. Jibu langu ni kwamba tayari tunayo. Uhimilishaji wa ng'ombe umeegemea mitungi hiyohiyo kwa miongo mingi, kutoka kituo cha Usa River karibu na Arusha hadi Kabete, na hubebwa hata kwa pikipiki mpaka kwa mfugaji wa kijijini. Kilicho haba ni mikono ya kugandisha mbegu za panya na, kigumu zaidi, ya kuzifufua: kutungisha mimba nje ya mwili na kuwapandikiza majike walezi. Kazi hiyo haina haja ya kuwapo katika kila chuo. Kituo kimoja katika ukanda wetu, kinachohudumia wengi, kingetosha, na mtafiti angeondokana na kuagiza panya kwa ndege kutoka Ulaya au kuwafuga miaka yote kwa ajili ya jaribio la miezi mitatu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi hutoka kwa watafiti waangalifu. Wanasema upungufu hugharimu kuliko ziada: panya 10 wakipatikana pale walipohitajika 12, jaribio lote hukosa nguvu ya kuthibitisha kitu, na wale 10 wamekufa bure, afadhali kumi wa ziada. Nakubali hofu yao, lakini akiba yenyewe ina hesabu yake. Rudi kwa yule wa madume 12 kwa njia ya mmoja kati ya 8. Wale 96 ni wastani tu. Nusu ya nyakati, au karibu na hapo, atapungukiwa. Akitaka uhakika wa mara tisa katika kumi, azalishe kama 130. Aliyepanga wazazi wake vizuri na kutumia jinsia zote, akipata nusu ya watoto, hupata uhakika uleule kwa watoto 30. Akiba ya wa kwanza ni watoto 34, ya wa pili ni 6. Mpango mzuri unapunguza wanaozaliwa na pia unapunguza bei ya tahadhari. Ziada ninayoipinga ni ile isiyo na namba nyuma yake, ya jozi iliyoachwa izae kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuitenganisha.

Na kuna maswali yanayotaka panya wengi kweli. Nairobi iliona mfano wake. Watafiti wa maabara iliyoanzishwa mwaka 1973 kuchunguza magonjwa ya mifugo, ambayo tangu 1994 ni sehemu ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, walijua kuwa panya wa C57BL/6 wakiambukizwa vimelea vya nagana, ugonjwa wa ng'ombe, huishi muda mrefu kuliko wale wa koo za A/J na BALB/c. Ili kujua tofauti hiyo imekaa wapi katika kromosomu, walizichanganya koo hizo hadi wajukuu, na mwaka 1997 Stephen Kemp, Fuad Iraqi na wenzao wakatangaza sehemu tatu zinazohusika. Kisha uchanganyaji ukaendelezwa mpaka kizazi cha sita ili kuzibana sehemu hizo. Mpango wa namna hiyo hauwezi kufanywa kwa panya 24. Lakini kila mjukuu hubeba mchanganyiko wake mwenyewe, kwa hiyo kila mmoja ni jibu. Hakuna mwenye jeni isiyotakiwa, kwa kuwa zote zinaulizwa. Kundi kubwa linaweza kuwa na ufanisi kamili, na dogo likawa la ovyo. Swali la nagana ni swali la maziwa na jembe la ng'ombe kwa mamilioni ya watu kusini mwa Sahara, na panya wale walilibeba wote pamoja.

Wapo watakaosema kwamba katika nchi ambamo malaria inaua watoto, kuhesabu panya ni anasa ya dhamiri. Nadhani ni kinyume. Fedha ya kumlisha panya asiyehitajika inatoka katika mfuko uleule wa utafiti wa malaria, na mfuko wetu ni mdogo. William Russell na Rex Burch walipoandika mwaka 1959 kwamba mtafiti abadilishe mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, apunguze idadi, na aboreshe matunzo, walishikilia kwamba ubinadamu kwa wanyama na sayansi nzuri huenda pamoja, na mambo niliyoyataja hapa yanawathibitisha. Tena panya anahisi. Maumivu na hofu anazozipata kwa ajili ya dawa ya mtoto zinaweza kutetewa mbele ya mtu yeyote mwenye akili. Maisha ya majuma matatu yanayoishia ndani ya chombo cha kaboni dioksidi kwa sababu mtu hakupiga hesabu hayana utetezi, na wala sioni jinsi ugonjwa wa mtoto unavyoweza kuletwa kuyatetea.

Kwa hiyo naziomba kamati za maadili ya utafiti za Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na kwingineko zifanye jambo moja lisilohitaji fedha. Fomu ya maombi kwa kawaida humtaka mtafiti aseme ni wanyama wangapi atawatumia. Imtake pia aseme ni wangapi watazaliwa ili hao wapatikane, wazazi watakuwa na jeni zipi, kwa nini jinsia moja ikiwa ni moja, na ukoo utahifadhiwaje jaribio likiisha. Majibu hayo yaandikwe na yasomwe kabla jozi ya kwanza haijawekwa pamoja, na mwisho wa mwaka taasisi itangaze namba zote mbili, ya waliotumika na ya waliozaliwa.